Mkindu na Mkoche: Cheti cha Usalama Kisichofika Bonde la Matandu

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, daftari la dunia linalopanga viumbe kwa kadiri ya hatari ya kutoweka, mkindu na mkoche imewekwa fungu moja: la mimea isiyotia hofu. Kwa Kilwa na pwani nzima ya Lindi hizo zingekuwa habari njema. Ni vigumu kuipata nyumba ya pwani hii ambayo watu wake hawajawahi kulalia, kukalia, kuswalia au kuanikia kitu kilichotokana na mimea hiyo miwili. Habari yenyewe ni ya kweli, ila kwa mtu wa Kilwa haina msaada mkubwa. Mimea hii haikai mahali pamoja, haikatwi kwa namna moja wala haifi kwa sababu moja. Mmoja unaweza kuendelea kuwapo Kilwa miaka mingi hata tukikaa tumekunja mikono. Mwingine, kwa maoni yangu, hauwezi.

Mkindu, ambao wataalamu huuita Phoenix reclinata, ni ndugu wa damu wa mtende wa Uarabuni. Tende zake ni ndogo, za rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, nyama kidogo na kokwa kubwa. Watoto huzila na ndege huzigombea. Hauoti shina moja. Huota kichaka cha mashina mengi yanayoinama huku na huku, na shina refu hufika mita kumi au zaidi. Unapenda maji: kando ya mito, kwenye mabonde yanayotuama, pembezoni mwa misitu yenye unyevu. Ukipita bonde la Matandu, la Mavuji au la Mbwemkuru, mkindu ndio unaokuonyesha maji yalipo hata wakati wa kiangazi, mkondo ukiwa umebaki madimbwi.

Mkoche, ambao wengine huuita mkoma, ni Hyphaene compressa. Huu ni wa mchanga na jua kali. Jani lake limekunjuka kipepeo, na bua lake lina miiba myeusi iliyopinda inayomkumbusha mkataji kwamba hakualikwa. Mkoche una jambo moja ambalo karibu mimea yote ya ukoo wa mnazi haina: shina lake hugawanyika panda, kisha panda ile hugawanyika tena, na mti mzee hufika mita ishirini ukiwa na vichwa kadhaa. Koche zake zina gamba gumu la kahawia na nyama ya nyuzinyuzi yenye utamu. Tembo huzimeza nzima na kuzisafirisha mbali na mama yao, na nyani nao wamo. Una ndugu yake mfupi, Hyphaene coriacea, ambaye msukaji wa mikeka wala hajishughulishi kumtenganisha naye. Akishapata majani, kazi yake imekamilika. Majani hayo ndiyo miyaa, na sehemu nyingi za bara huitwa milala.

Mimea yote miwili ni monokotiledoni, yaani mbegu yake huanza maisha kwa jani moja la mwanzo, sawa na mahindi, mpunga, mgomba na mianzi. Jambo hilo la darasani lina uzito wake hapa. Mwembe ukikatwa tawi huchipua kwingine, na shina lake hunenepa mwaka hadi mwaka. Shina la mkindu au la mkoche halinenepi namna hiyo. Kila shina, au kila kichwa cha shina, kina mahali pamoja tu pa kukulia, kule juu kabisa katikati ya majani: moyo wa mti. Jani jipya hutoka hapo na si kwingine. Ukiuharibu moyo, kichwa kile kimekwisha. Kwa upande mwingine, mishipa ya maji na chakula imetawanyika ndani ya shina lote badala ya kukaa chini ya gome, kwa hiyo moto unaounguza nje peke yake hauui kwa urahisi. Mabua yakiungua, moyo ukiwa salama, baada ya wiki chache unaona kijani tena.

Sasa tazama kinachokatwa. Msukaji hahitaji jani lililokomaa. Hilo ni gumu, limeshageuka kijani kilichoiva, na hupasuka likikunjwa. Anataka jani changa ambalo bado halijafunguka, lililosimama wima katikati ya kichwa, rangi yake inakaribia nyeupe. Kwa mkindu hulikata kwa panga au kisu akijihadhari na vijani vya chini, ambavyo si vijani tena bali miiba mirefu inayoingia kwenye kiganja bila kupiga hodi. Nyumbani vijani hunyofolewa kwenye ubavu wa jani na kuanikwa juani siku kadhaa, jioni vinaingizwa ndani visipigwe na umande. Vikikauka huchanwa kwa ukucha au ncha ya kisu kupata chane za upana mmoja. Za rangi huchemshwa kwenye sufuria, zambarau, kijani, nyekundu, kisha huanikwa tena. Kabla ya kusuka, chane hulowanishwa kidogo, maana kavu huvunjika. Halafu unasukwa ukili, mkanda mrefu wa upana wa vidole vichache, unaoviringishwa kadiri unavyorefuka. Mkeka wenyewe ni kili zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Kazi hufanywa katikati ya nyingine: baada ya shamba, wakati wa mazungumzo barazani, usiku taa ikiwapo. Mkeka mpana mzuri huchukua wiki nyingi.

Miyaa ya mkoche ni mikavu na migumu zaidi, kwa hiyo kazi zake ni za suluba: majamvi ya kuanikia muhogo, dagaa na ufuta, makanda ya nafaka, vikapu, kamba, mafagio, vipepeo vya kupulizia moto. Zamani ilienda hata baharini. Mitepe, vile vyombo vya pwani vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, vilikuwa na tanga la mraba lililosukwa kwa majani ya aina hii. Kilwa Kisiwani, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, tunaijua kwa mawe yake, na UNESCO imeyaweka mawe hayo pamoja na ya Songo Mnara katika urithi wa dunia tangu 1981. Majani hayaachi magofu. Lakini mji wa biashara usingepakia nafaka bila kanda, wala msikiti usingetandikwa mawe matupu.

Turudi kwenye Orodha Nyekundu, kwa sababu watu wengi huisoma vibaya. Swali lake ni moja: je, aina hii ya kiumbe inaelekea kutoweka duniani? Ili mmea uingie kwenye kundi la walio hatarini kwa kipimo cha kupungua, lazima uwe umepungua kwa asilimia 30 au zaidi ndani ya miaka kumi au vizazi vitatu, kwa kuchukua kipindi kilicho kirefu zaidi. Mkindu unaota kutoka Senegal hadi Pembe ya Afrika, ukashuka hadi Afrika Kusini, ukavuka hadi Madagaska, Komoro na kusini mwa Uarabuni. Huko Florida, Marekani, ulikopelekwa kama pambo la bustani, umetoroka na kuorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi. Mkoche unashika eneo dogo zaidi, kutoka Ethiopia na Somalia hadi Msumbiji, lakini bado ni ukanda mrefu. Mikindu yote ya wilaya ya Kilwa ingeweza kukatwa hadi kisiki cha mwisho na bado fungu la mkindu duniani lisibadilike. Orodha haijakosea. Haikuulizwa habari za Kilwa.

Wilaya hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Karomia gigas, mti mkubwa wa msituni usio na uhusiano na mikeka, ulidhaniwa umekwisha kabisa duniani mpaka wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupata tena katika misitu ya Kilwa mwaka 2011. Imebaki michache sana. Huo upo kwenye fungu la hatari kubwa kuliko zote kwa viumbe vya mwituni, na kwa hiyo una walinzi, mbegu zake zimepelekwa hadi kwenye bustani ya mimea ya Missouri nchini Marekani kujaribu kuoteshwa, na magazeti ya nje yameuandika. Sina ugomvi na juhudi hizo. Ninachoona ni kwamba hatari ya dunia ina fungu lake la fedha, na hatari ya kijiji haina.

Je, hatari ya kijiji ipo kweli? Kwa mkoche, nasema ipo lakini ni ndogo. Huu ni mmea unaofaidika na uharibifu wetu. Msitu ukifyekwa na kuchomwa, mkoche ni miongoni mwa inayobaki imesimama, na machipukizi yake hujitokeza kwenye mashamba yaliyoachwa na malisho yaliyochoka. Mkulima anaufahamu vizuri: jembe linaugonga na yeye analaani. Mashaka yangu yako kwenye miti mirefu. Chipukizi linalokatwa jani changa kila mara halipandi juu. Hubaki kichaka cha kimo cha goti miaka nenda rudi, halizai, na mkoche mzee unapoanguka hakuna wa kushika nafasi yake. Tena mkoche una mti dume na mti jike. Ukibaki wa jinsia moja, koche hakuna. Mtu anaweza kutazama uwanda uliojaa miyaa na asitambue kwamba miti yenye uwezo wa kuzaa inahesabika.

Jambo hili limeshatokea kwingine. Kaskazini-magharibi mwa Botswana, kwenye eneo la Okavango, vikapu vya ndugu wa mkoche wetu, Hyphaene petersiana, vilianza kununuliwa na watalii na wafanyabiashara wa nje. Mwaka 1987 watafiti Cunningham na Milton walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba biashara hiyo ilikuwa imeiumiza mimea yenyewe na pia miti inayotoa rangi za vikapu, kwa kuwa magome yake yalibanduliwa na mizizi yake ilichimbwa bila kupumzishwa. Soko zuri lilikuja, na halikuja na kanuni za kukata. Wanaopanga kuuza mikeka ya Kilwa kwa watalii wa magofu wangefanya vyema kuanza na habari hiyo.

Mkindu ndio unaoninyima usingizi, na msukaji si mkosaji mkubwa. Kichaka chenye mashina mengi huvumilia kukatwa: ukichukua jani moja changa kwenye kila shina na kuliacha linalofuata lifunguke, mmea hupumua na kuendelea. Kinachoua mkindu wa Kilwa ni anwani yake. Mkoche umejenga mahali ambapo wachache wanapataka. Mkindu umejenga penye maji, na penye maji kila mtu anapataka. Mpunga unataka bonde. Bustani za mboga za kiangazi zinataka bonde. Ng'ombe wanataka bonde, na tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Ihefu na Usangu na baadhi yao kuelekezwa mkoa wa Lindi, mifugo imekuwa sehemu ya kila mjadala wa ardhi Kilwa. Juu ya hayo kuna ufuta, zao ambalo limewapa wakulima wa Lindi fedha ya kueleweka na papo hapo likawa sababu kubwa ya misitu ya Kilwa kufyekwa. Ufuta wenyewe haulimwi kwenye maji. Lakini msitu wa juu ukiondoka, mvua hushuka bondeni kwa kishindo, hubeba mchanga, na kingo zilizoshikwa na mizizi ya mkindu humomonyoka. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, na abiria walilala njiani. Sisemi mikindu ingezuia kimbunga. Nasema kingo tupu hazizuii hata mvua ya kawaida.

Mkindu ukiondolewa bondeni haurudi wenyewe upesi, tofauti na mkoche unaorudi hata usipoutaka. Hapo ndipo penye tofauti kubwa ya mimea hii miwili, na hakuna fungu la orodha linaloionyesha.

Mfano wa karibu zaidi uko Kenya, katika misitu ya kando ya Mto Tana. Huko kuna kima adimu asiyepatikana popote pengine duniani, ambaye matunda ya mkindu ni mojawapo ya vyakula vyake vikuu. Wenyeji wa mtoni nao wanautumia: majani kwa mikeka, mashina kwa ujenzi, utomvu kwa pombe. Margaret Kinnaird alichapisha mwaka 1992 utafiti kuhusu namna binadamu na wanyama hao wanavyougombea mmea mmoja. Kinachonivutia katika kisa cha Tana ni kwamba mkindu wenyewe si adimu kwa kipimo cha dunia. Adimu ni yule anayeutegemea. Kilwa haina kima wa namna hiyo. Ina wanawake ambao fedha ya daftari za shule, ya mafuta ya taa na ya mchango wa harusi hutoka kwenye ukili. Wao hawaorodheshwi popote.

Pombe niitaje kidogo, maana inazungumzwa kwa aibu. Kugema mkindu au mkoche kwa kuukata moyo ni kuua kichwa kile kwa ajili ya madumu machache. Mgema wa mnazi hukata karara la ua na mnazi unaendelea kuishi. Anayechimba moyo wa mkoche anavuna mara moja tu. Mtofautishe mgema na muuaji wa mti, basi.

Wapo wanaosema mkeka wa plastiki umekuja kuiokoa mikindu, kwa sababu wanunuzi wamepungua. Ni kweli mkeka wa plastiki ni rahisi, unafuliwa na hauliwi na mende. Lakini mmea usio na thamani ndio wa kwanza kufyekwa. Mama anayeutegemea mkindu wa bondeni atagombana na jirani anayetaka kuuchoma. Mama aliyeacha kusuka atanyamaza. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019, wengi tulidhani vikapu vya miyaa vimepata siku yao. Vilipata siku chache. Mifuko mbadala ya kiwandani iliziba pengo, na kikapu kikarudi kuwa pambo la hotelini.

Lindi haikosi uzoefu wa kutunza mmea wenye faida. Kwa kutumia Sheria ya Misitu ya 2002, vijiji vya Kilwa vilitenga misitu yao, vikaandika mipango ya uvunaji, na mwaka 2009, kupitia shirika la MCDI la Kilwa Masoko, mpingo wa vijiji hivyo, Kikole kikiwa kimojawapo, ukapata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mpingo huchukua miongo kadhaa kukomaa. Mkindu hutoa jani jipya mwaka uleule. Kama kijiji kinaweza kuhesabu mipingo, kuiwekea alama na kuamua mingapi ikatwe, hakishindwi kuamua nani akate majani ya mkindu wapi, na bonde lipi lipumzishwe msimu huu. Kupanda nako si kazi ya maabara: kokwa za mkindu huota, na machipukizi ya pembeni ya kichaka yanaweza kung'olewa na mizizi yake yakahamishiwa kando ya kisima au mtaro. Mkoche ni mgumu zaidi kuuhamisha, kwa sababu chipukizi lake huzamisha mzizi chini sana kabla halijaonyesha jani, lakini huo, nimeshasema, hauhitaji msaada wa haraka. Unahitaji tu kwamba katika kila uwanda miti kadhaa mirefu, midume na mijike, iachwe bila kuguswa.

Tena sehemu kubwa ya kazi imeshafanywa na Bunge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya hapo. Mita 60 hizo ndiyo makazi ya mkindu. Hakuna haja ya sheria mpya, wala ya kusubiri Orodha Nyekundu ibadilishe rangi. Kamati za mazingira za vijiji vya mabonde ya Matandu, Mavuji na Mbwemkuru zichukue kamba, zipime mita hizo pamoja na wasukaji wenyewe, na zifanye hivyo kabla watu hawajaanza kufyeka na kuchoma mashamba ya msimu ujao.